JIBU: Gemu ya kompyuta Baldur's Gate, ile ya zamani au hii Enhanced Edition (toleo lililoboreshwa)?

Mkuu, hiyo sentensi yako ya mwisho, "nitaanza kucheza kwanza, modi nitaongeza taratibu" (modi, yaani nyongeza za mashabiki za kubandika kwenye gemu), usithubutu. Futa hilo wazo kabisa.

Umeuliza kama Enhanced Edition inastahili hela wakati CD za zamani unazo. Inastahili. Gemu ya 1998 kwenye Windows ya leo ni kubembelezana nayo tu. Hii ya 2012 ya kampuni ya Beamdog inajaza skrini, unavuta picha karibu na mbali, na aina za mashujaa zilizokuja na ya pili unazipata tangu ya kwanza. Nunua. Sasa nisikilize.

Mimi nilikuwa kwenye gemu ya pili, Baldur's Gate II, ndani ya mji wa Athkatla. Nimeshachanga vipande 20,000 vya dhahabu anavyotaka Gaelan Bayle, mmoja wa watu wa humo kwenye gemu, nimeshamuua Firkraag, yule joka aliyenichoma moto mpaka nikawa namwota. Nikakutana na video ya jamaa mmoja anayejiamini kama dalali wa viwanja: modi ya kuongeza mwenzi wa safari weka muda wowote, na apdeti "iache ijilete yenyewe". Nikaweka. Mwenzi hakutokea. Nilizunguka ile baa aliyotakiwa kutokea mpaka nikadhani mwenye baa ataanza kunidai kodi. Kumbe kila eneo ulilokwisha kulikanyaga linahifadhiwa ndani ya sevu yako (faili la pale ulipofikia) kama ulivyoliacha, modi ikija baadaye hailigusi. Hilo jamaa hakulisema.

Nikaanza upya, kule kule gemu inakoanzia, kwenye shimo la mchawi Irenicus. Safari hii mwenzi akaja, na maneno matamu juu. Nikavuka pale nilipoishia mwanzo. Halafu usiku mmoja apdeti ikashuka kimyakimya, ikala na bando langu. Kufungua gemu, mwenzi wangu anafumbua mdomo: "Invalid:", halafu tarakimu. Namtongoza dada wa watu ananijibu kwa namba, na wala si ya simu!

Waliotengeneza gemu siwalaumu. Maneno yote yamo kwenye faili moja, dialog.tlk, na modi inabandika ya kwake mwishoni. Apdeti inakuja na faili jipya, ya modi yanapotea, lakini mwenzi bado anatafuta mstari wake kwa namba ile ile. Ukibahatika unakuta patupu, ukikosa bahati anakusomea mstari wa mtu mwingine kabisa. Dawa ni kung'oa modi na kuzipanga tena upya, na sevu ikishachanganyikiwa hapo ni bahati nasibu. Yangu ilikwama. Yule jamaa nilimwandikia chini ya video nikamweleza yote, akanijibu kwa kidole gumba. Kidole gumba!

Kwa hiyo: weka gemu, nakili folda nzima uipeleke mahali ambapo programu ya duka haifiki, modi ZOTE ziingie kwenye hiyo nakala kabla hujabonyeza New Game, kisha usiguse kitu mpaka majina ya watengenezaji yapite mwishoni. Ukinunua GOG, lile duka la gemu la mtandaoni, chukua faili la kusakinisha bila mtandao, hilo halijibadilishi lenyewe. Usije ukaniambia "lakini hii modi ni ndogo tu". Ndogo ndizo zilizonimaliza.

Na atakayekuja hapa kukuuzia "Icewind Dale II Enhanced", ya gemu nyingine ya jamii hii, mkimbie, rasmi haipo. Beamdog walishasema msimbo wake wa asili ulipotea. Ile ya kwanza ndiyo ipo, ya 2014, na kanuni ni hiyo hiyo.

Ukishanakili, bandika hapa picha ya folda yako kabla hujaanza. Sitanii.