Ukuta umelowa, mtoto anakohoa

Barua za afya hujibiwa hapa na muuguzi mstaafu, mkaazi wa Langoni, Lamu.

SWALI: Asalaam aleikum, Mama Muuguzi. Mimi ni mzaliwa wa Malindi, nimeolewa Lamu, huu mwaka wa tatu. Tumepanga chini katika nyumba ya kale ya mawe, Mkomani, vyumba viwili vilivyofuatana na dirisha moja linalotazama kiwanda, yaani ua wa ndani. Tangu masika ukuta wa chumba cha ndani umeota madoa meusi, yameanzia chini yakapanda mpaka kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Makubadhi ya mume wangu aliyoyaacha chini ya kitanda yalitoka na manyoya ya kijani. Mwenye nyumba alileta fundi akapaka rangi ya mafuta juu ya madoa. Haukupita mwezi, rangi ikavimba malengelenge na weusi ukarudi. Mwanangu wa miaka minne hukohoa usiku na kifua chake hulia mluzi. Mimi pua imeziba, macho yanawasha, kichwa kizito, nasahau hata kama mchuzi nimeutia chumvi. Kwa miezi miwili sasa nameza Piriton, dawa ya mzio, kila usiku. Jirani yangu asema kuvu nyeusi ni sumu inayoingia damuni, nikapimwe kabla haijafika kwenye ubongo. Mama mkwe asema nyumba za Lamu zote ndivyo zilivyo, na watu wamezaliwa humo wakazeekea humo. Nimsikie nani?
Mama Watoto, Mkomani

JIBU: Aleikum salaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na zote mbili nimesita pale uliposema kifua cha mtoto kinalia mluzi. Kwa hiyo ukuta utangoja kidogo.

Mpeleke hospitali wiki hii. Usiishie duka la dawa, kwa sababu pale utauziwa chupa nyingine ya dawa ya kikohozi, na dawa hizo hazifungui mirija ya mapafu iliyobana. Ukifika, usiseme tu "anakohoa". Sema anakohoa saa ngapi, sema kifua kinalia, sema analala chumba chenye kuvu. Kikohozi cha usiku chenye mluzi, kinachokwenda na kurudi, humfanya daktari afikirie pumu. Najua neno hilo linavyoogopwa. Kina mama wengi nimewahudumia waliosema "ni kifua tu, si pumu" mpaka mtoto akaletwa usiku wa manane amebebwa mabegani. Pumu ikijulikana mapema hutulizwa, na mtoto akacheza mpira kama wenzake.

Akipewa pampu ya kuvuta dawa, uliza kuhusu chupa ya kuivutia. Mtoto wa miaka minne hawezi kuvuta dawa moja kwa moja kutoka kwenye pampu, nusu yake huishia ulimini. Panapokosekana kifaa chenyewe cha kuunganisha pampu na mdomo tulikuwa tukichukua chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita, tukaiosha, tukatoboa tundu kitakoni kwa waya wa moto, sawasawa na mdomo wa pampu, pasibaki mwanya. Pampu huingia kitakoni, mtoto akashika mdomo wa chupa kwa midomo yake, ukabonyeza mara moja, naye akavuta na kutoa pumzi mara tano au sita kwa utulivu. Akihitaji mbonyezo wa pili, mnaanza upya. Chupa hiyo hufanya kazi vizuri, hili limepimwa na kuthibitishwa. Lakini acha muuguzi akuonyeshe kwa mikono yake mara ya kwanza.

Na ukiona mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi, au hawezi kumaliza neno, au hataki hata maji, au midomo inageuka rangi, usingoje asubuhi.

Jambo moja zaidi kuhusu kikohozi. Kikipita wiki mbili, kwa mkubwa au mdogo, lazima kifua kikuu kichunguzwe, hata kama kuvu unaiona kwa macho. Vipimo na dawa zake ni bure katika hospitali za serikali. Hakuna aibu ndani yake.

Sasa jirani na mama mkwe. Kila mmoja ameshika kipande.

Kuvu kweli inadhuru. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu majumbani, na likasema wanaoishi humo huzidi wenzao kwa kukohoa, kifua kulia mluzi, pumu na magonjwa ya njia ya hewa. Mwenye mzio huumia zaidi, na mtoto mdogo huumia zaidi. Mjini Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka miwili aitwaye Awaab Ishak alifariki Desemba 2020, na Novemba 2022 mchunguzi wa vifo akaamua kuwa chanzo kilikuwa kuishi muda mrefu katika nyumba yenye kuvu. Babake alikuwa amelalamika, akaambiwa apake rangi juu yake. Nilipoisoma habari ile niliweka gazeti chini. Rangi juu ya kuvu, kama uliyopakiwa wewe. Waingereza mwaka 2023 walipitisha sheria inayobeba jina la mtoto yule, ya kuwabana wenye nyumba za kijamii, zile za kodi nafuu, watengeneze kwa muda uliowekwa.

Kwa hiyo mama mkwe wako, kwa heshima zake, asikutulize kwa hilo. Watu wamezeekea humo, ndiyo, lakini nyumba walizozeekea zilikuwa na lipu ya chokaa. Nitarudi hapo.

Jirani naye amechanganya mambo mawili. Sumu ya kuvu anayoiogopa nadhani ni ile ya mahindi, aflatoksini, iliyoua watu 125 mwaka 2004, wengi wao Makueni na Kitui. Ile huliwa, na huharibu ini. Ya ukutani inatuumiza kwa njia nyingine: hurusha mbegu ndogo zisizoonekana, tukazivuta, pua na mapafu vikakasirika. Weusi wake hauongezi wala haupunguzi kitu. Kuna kuvu nyingi nyeusi, na ya kijani iliyo kwenye makubadhi ya mume wako inaweza kukuziba pua sawasawa. Hakuna kipimo cha damu kitakachokuambia "umeumwa na ukuta huu". Kipo kipimo cha mzio, na daktari atakuandikia akiona haja. Ukitokea mtu wa kukuuzia dawa ya kusafisha damu, hela hizo nunua chokaa.

Kipimo kizuri zaidi unacho mwenyewe, ila hukukitaja. Mkienda Malindi kwa mamako, mtoto hulalaje? Kama usiku wa tatu kikohozi kimelegea, na mkirudi Mkomani kinaanza upya, mwambie daktari hivyo hivyo. Ni ushahidi mzito.

Kuhusu kusahau kwako: miezi miwili ya kuamka usiku na mtoto, pua imeziba hulali vizuri, na juu yake Piriton. Dawa hiyo inalewesha usingizi na uzito wake huendelea mpaka asubuhi. Mimi naituhumu hiyo kabla ya kuituhumu kuvu. Muulize daktari kuhusu dawa ya mzio isiyolaza, au ya kupuliza puani. Kusafisha pua kwa maji ya chumvi kunasaidia sana pia, bora maji yawe yamechemshwa yakapoa. Ya birika, lile tangi la maji la nyumba, usiyatie puani.

Sasa ukuta.

Mimi na kakangu tulimtengenezea mama chumba, miaka mingi nyuma, hapa hapa Langoni. Fundi alitushauri tutoe lipu ya kale iliyokuwa ikimomonyoka, tupige simiti, tupake rangi ya mafuta. Tulichagua kijani kibichi kwa kuwa mama aliipenda. Kilikuwa chumba kizuri mno. Masika ya pili ukiugonga ukuta unasikia utupu, na nyuma ya kichwa cha kitanda tukakuta kuvu nene kama sufi iliyochambuliwa. Mama alikohoa miezi mitano. Makohozi yake yalipimwa, hapakuwa na kifua kikuu. Nilimpa kila dawa niliyoijua. Tulipomhamishia chumba cha juu kwenye upepo, haikupita wiki akalala usiku mzima, na mimi nikakaa kitandani pake nikalia, kwa sababu miezi yote ile nilikuwa natibu kifua na sikuutazama ukuta.

Mzee mmoja fundi wa chokaa ndiye aliyenieleza. Jiwe la matumbawe lina vitundu kama sponji. Linanyonya maji kutoka ardhini, na lina chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa hewa. Lipu ya chokaa huyapitisha maji hayo nje yakakauka na upepo. Simiti na rangi ya mafuta huyafungia ndani, nayo yakipanda hutafuta pa kutokea. Halafu chokaa ni kali, kuvu haiipendi. Tulibomoa simiti yote, tukaacha ukuta uchi kaskazi nzima, kuanzia Desemba mpaka Machi, ndipo akapiga chokaa. Mama aliishi humo mpaka mwisho wake bila kikohozi kile.

Kwa hiyo mwanangu, kwanza jua maji yanatoka wapi. Kata kipande cha nailoni, kibandike ukutani kwa gundi pande zote nne, kiache siku mbili. Kikilowa upande wa ndani unaogusa ukuta, maji yamo ukutani. Kikilowa upande wa nje, ni unyevu wa chumba, wa pumzi zenu na nguo mnazoanika ndani na mvuke wa sufuria. Nenda pia ukaangalie upande wa pili wa ukuta huo. Nyumba za Mkomani zimeegemeana, na bafu la jirani au bomba linalovuja huweza kulowesha chumba chako bila yeye kujua. Na unga mweupe ukiuona usiuogope: tia tone la maji, ukiyeyuka ni chumvi, si kuvu.

Wewe usiusugue ukuta huo na pua hiyo, na mtoto asiwepo nyumbani. Mwombe mume wako. Doa lililo kama meta moja kwa meta moja mtu anaweza kuliondoa mwenyewe. Likizidi sana hapo, ni kazi ya fundi. Avae barakoa nzito inayobana, ile ya N95, na glavu, afungue dirisha. Asipige ufagio mkavu hata kidogo, ufagio hurusha kila kitu hewani. Alowanishe kwanza, asugue kwa maji na sabuni, afute kwa matambara, na matambara yatupwe yakiwa yamefungwa kwenye mfuko. Kuvu iliyokufa nayo huleta mzio, kwa hiyo kuimwagia Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo, na kuiacha pale si kazi. Na Jik isichanganywe kamwe na siki wala dawa ya choo: hutoa hewa inayochoma mapafu. Rangi ile iliyovimba ikwanguliwe yote, ukuta ukauke, ndipo upakwe chokaa. Mwenye kupaka alinde macho, chokaa mbichi inaunguza.

Vitabu vinataka unyevu wa ndani usipite asilimia 60. Hewa ya Lamu mara nyingi iko juu ya hapo hata barazani. Tusilolimudu tuliache, tushike linalowezekana: kitanda na kabati visogezwe shubiri moja kutoka ukutani upepo upite nyuma, godoro lipande juani kila wiki, nguo zianikwe juu, kilicholowa kikaushwe kabla siku ya pili haijaisha kwa maana kuvu haihitaji zaidi ya hapo. Na kwa sasa mtoto alale chumba cha nje. Udi na dawa ya mbu ya kuwasha visiingie alalapo, neti inatosha. Najua udi ni udi, lakini kifua kile hakiuwezi.

Mwenye nyumba mwendee na mumeo, na mzee mmoja wa mtaa, kwa adabu, mkiwa na picha za ukuta na karatasi ya hospitali. Mwambie gharama ya rangi iliyovimba imekwenda bure na ya pili itakwenda vile vile. Akikataa, nenda kwa bwana afya. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inahesabu nyumba inayodhuru afya kuwa kero, na anao uwezo wa kumwandikia mwenye nyumba notisi. Kabla ya kubomoa lipu mwenye nyumba aulize Makavazi ya Kitaifa, kwa kuwa mji wetu wa kale uko kwenye urithi wa dunia tangu 2001. Wakati huo huo atajiwe mafundi wa chokaa waliobaki.

SWALI: Baba yangu aliugua kifua kikuu miaka kumi iliyopita akapona. Ana ghala la nafaka na magunia hapa Malindi, lina kuvu. Sasa anakohoa na juzi nimeona damu. Asema ni vumbi.
Binti yake, Malindi

JIBU: Usikubali. Mpeleke leo, gazeti liweke chini. Kwanza apimwe kifua kikuu tena, kwa sababu kinaweza kurudi. Kisiporudi, usiridhike ukarudi naye nyumbani: mtaje daktari ugonjwa ule wa kale na ghala, uombe picha ya kifua. Kifua kikuu huacha mashimo kwenye mapafu, na kuvu aina ya aspajilasi huweza kuingia humo ikakua na kutoa damu. Ina dawa yake, na si ile ya kifua kikuu. Akitoa damu nyingi, kikombe au zaidi, mlaze ubavu na uite gari. Ghalani asikanyage mpaka daktari aseme.