Pesa Hii Utaihitaji Lini? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Muda wa Uwekezaji

SWALI: Nina umri wa miaka 38. Nimeshauriwa kwamba kwa umri huu mimi ni mwekezaji wa muda mrefu, hivyo akiba yangu yote niiweke kwenye hisa. Lakini mwanangu anaanza chuo baada ya miaka 3, na natarajia kujenga baada ya miaka 7 hivi. Muda wangu wa uwekezaji ni upi hasa?

JIBU: Kila lengo lako lina muda wake, na umri wako hauhusiki sana. Kinachoamua ni siku ambayo pesa itatoka kwenda kulipa.

Chukua karatasi uchore safu nne: lengo, tarehe ya malipo ya kwanza, tarehe ya malipo ya mwisho, na kama tarehe hizo zinaweza kusogezwa. Safu ya tatu ndiyo wengi huisahau. Chuo cha miaka 4 hakilipiwi siku moja: ada ya kwanza utailipa baada ya miezi 36, zinazofuata miezi 48 na 60, ya mwisho miezi 72. Safu ya nne nayo ina uzito. Chuo hakikusubiri, lakini ukiona soko limeanguka, ujenzi unaweza kuusogeza mbele miaka 2.

Pesa ya chini ya miaka 3 ikae kwenye akaunti ya akiba, amana ya muda maalumu au dhamana za serikali za muda mfupi. Ya miaka 3 hadi 7, tafuta hatifungani (mkopo unaoipa serikali au kampuni nayo ikakulipa riba) zinazoiva, yaani kukurudishia pesa yako, karibu na tarehe yako. Hisa, ukizitaka, kwa maoni yetu zisizidi theluthi. Kuanzia miaka 10 kwenda juu, hisa zinaweza kubeba sehemu kubwa. Kati ya 7 na 10, rudi kwenye safu ya nne.

Tahadhari hiyo ina sababu. Kuanzia Oktoba 2007 hadi Machi 2009, faharisi ya S&P 500, yaani kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, ilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake, na haikurudi kwenye kilele chake hadi 2013. Mzazi aliyedaiwa ada mapema 2009 aliuza kwa hasara. Asiyedaiwa aliweza kungoja. Na ukipoteza asilimia 50, unahitaji faida ya asilimia 100 ili urudi ulipokuwa. Hata muda mrefu si dhamana ukiwa umeweka yote soko moja: Nikkei 225, faharisi ya hisa za Japani, ilifika kileleni Desemba 1989 na haikukivuka kilele hicho hadi Februari 2024.

Kosa kubwa hutokea baadaye. Lengo lililokuwa mbali linakaribia, lakini pesa inaachwa kwenye hisa kwa sababu "zinafanya vizuri". Tunakusihi: ikibaki miaka 5, anza kuihamisha kutoka kwenye hisa, moja ya tano kila mwaka, soko lipande au lishuke. Akiba ya dharura, yaani matumizi ya miezi 3 hadi 6, usiichanganye humu, maana haina tarehe.

SWALI: Nilinunua hatifungani ya serikali ya miaka 10 kwa pesa nitakayoihitaji miaka 2 baada ya kununua. Si ni salama?

JIBU: Usalama huo ni wa anayekaa nayo hadi iive. Ukiuza mapema, bei inafuata riba ya soko. Tuseme thamani yake ni 1,000 na inalipa asilimia 8 kwa mwaka. Baada ya miaka 2 riba ya soko ikiwa asilimia 10, mnunuzi atakupa takriban 893 tu, maana hatifungani mpya zinamlipa zaidi. Riba ikishuka utapata zaidi ya 1,000, lakini hiyo ni bahati. Kwa miaka 2, nunua kitu kinachoiva ndani ya miaka 2.

SWALI: Nastaafu mwakani nikiwa na miaka 60. Niuze hisa zote?

JIBU: Hapana, usiziuze zote. Mwakani ni tarehe ya malipo ya kwanza tu. Ya mwisho inaweza kuwa miaka 30 mbele. Mfumuko wa bei wa asilimia 6 hupunguza nguvu ya pesa kwa nusu ndani ya miaka 12 hivi. Piga hesabu ya pengo kati ya pensheni na matumizi yako ya mwaka, uzidishe kwa 4, na kiasi hicho ukiweke mahali pasipoyumba. Kilichobaki kinaweza kuendelea kukua, na kila mwaka soko likiwa zuri, jazia ulichotumia.