Kabla Mlango wa Ofa Haujafunguliwa

Mwaka ule nilitoka nyumbani alfajiri, siku mbili kabla ya sikukuu, nikiwa na nia ya kununua pasi. Naitaja pasi makusudi, kwa sababu watu wanaposikia habari za mkanyagano kwenye maduka yenye ofa hudhani kwamba waliokuwamo ni watu wa pupa, wasio na haya, walio tayari kumkanyaga mwenzao kwa ajili ya televisheni. Mimi sikuwa hivyo, na wengi niliosimama nao hawakuwa hivyo. Pasi yangu ilikuwa imeharibika, duka lilikuwa limetangaza kuziuza kwa bei ya kutupa, nami nikaingia kwenye foleni kwa utulivu uleule ambao ningeingia nao kwenye foleni ya benki. Muda si mrefu baadaye nilikuwa nimeinuliwa na watu, miguu yangu haigusi chini.

Foleni ilikwenda vizuri hadi ilipobaki kama nusu saa duka lifunguliwe. Watu walikuwa wakipiga soga, wakishikiana nafasi, na aliyeondoka kwa dharura alirudi akaachiwa mahali pake bila ugomvi. Kisha mtu ambaye sikuwahi kumwona alisema kwa sauti kwamba watafungua mlango wa pembeni, na kwamba bei ile ni ya wateja 50 wa mwanzo tu. Foleni ikayeyuka papo hapo. Walioko mwisho walikimbilia pembeni, walioko katikati walipoona wanapitwa wakatoka mstarini, na sisi wa mbele tukabaki tumegandishwa kati ya mlango uliofungwa na umati uliotujia kutoka pande tatu.

Mbele yangu alikuwepo mama wa makamo aliyejifunga kitenge begani. Aligeuza shingo, maana mwili haukugeuka tena, akaniambia, “Mwanangu, usinisukume.”

“Si mimi, mama, ni wa nyuma,” nikamjibu.

“Na huyo wa nyuma naye atasema ni wa nyuma yake.”

Alikuwa amesema kweli tupu, na tangu siku ile sijapata maelezo mafupi kuliko hayo ya jinsi umati unavyoua. Aliyeko nyuma kabisa haoni mlango wala hasikii mtu akilia. Anachokiona ni nafasi ndogo iliyo mbele yake, anapiga hatua moja kuijaza, na hatua hiyo moja, ikijumlishwa na za mamia ya watu wengine waliofanya vivyo hivyo bila nia mbaya, humfikia wa mbele kama uzito usioweza kuzuilika. Ndiyo maana kuwapigia kelele watu walio karibu nawe waache kusukuma hakusaidii, kwani wao wenyewe wamekwama kama wewe.

Wataalamu wa misongamano hupima hatari kwa idadi ya watu katika mita moja ya mraba. Watu wawili au watatu wanaweza kutembea bila shida. Wakifika wanne au watano, kila mmoja anaguswa na wenzake na anaanza kupoteza uhuru wa kuchagua anakokwenda. Mhandisi wa Kimarekani John Fruin, aliyechunguza kwa miaka mingi maafa ya aina hii, aliandika kwamba watu wakikaribia saba katika mita hiyo moja, umati huanza kufanya kazi kama kimiminika: mawimbi hupita ndani yake, watu hunyanyuliwa kutoka ndani ya viatu vyao na kusogezwa mita kadhaa bila hiari yao. Nilipoyasoma maneno hayo miaka kadhaa baadaye nilicheka peke yangu, kicheko kisicho na furaha, kwa sababu kiatu changu cha kushoto nilikiacha mahali fulani kati ya nguzo na mlango.

Tumezoea kusema “mkanyagano,” lakini neno hilo linapotosha kidogo. Wengi wanaokufa kwenye misongamano hawakanyagwi. Hufa kwa kukosa pumzi, na baadhi yao wakiwa bado wamesimama. Ili uvute hewa, kifua lazima kipanuke, na kifua kilichobanwa mbele na nyuma hakipanuki. Asubuhi ile nilikuwa naweza kutoa pumzi, ila kuivuta tena kulikuwa kazi, na kila nilipoitoa watu walijaza upenyo ule mdogo niliouacha. Sikuwa na maumivu makali. Nilikuwa na woga wa ajabu, ulio kimya, wa mtu anayegundua kwamba jambo alilolifanya maisha yote bila kulifikiria sasa linahitaji ruhusa ya wengine.

Jambo hili si geni, wala halikuletwa na matangazo ya siku hizi. Mwaka 1883, katika ukumbi wa Victoria mjini Sunderland, Uingereza, watoto walitangaziwa zawadi mwishoni mwa maonyesho. Wale wa ghorofani walikimbilia ngazi wasije wakakosa, wakakuta mlango wa chini umeachiwa upenyo wa kupita mtoto mmoja tu kwa wakati, na watoto 183 wakapoteza maisha pale kwenye ngazi. Mwaka 1896, katika uwanja wa Khodynka nje ya mji wa Moscow, watu walikusanyika tangu usiku kungojea zawadi za kutawazwa kwa mfalme wao: kikombe, mkate, soseji na vitu vitamu. Ukazuka uvumi kwamba zawadi hazitatosha, na kwa hesabu ya serikali yenyewe watu 1,389 walikufa. Nchini Marekani, mwezi Novemba 2008, umati uliokadiriwa kuwa wa watu 2,000 ulivunja milango ya duka moja kubwa huko Valley Stream, jimbo la New York, muda mfupi kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na mfanyakazi wa duka aliyekuwa mlangoni akafa chini ya miguu ya wateja. Tofauti ya miaka ni kubwa, lakini mambo matatu hayabadiliki: vitu vichache, mlango mmoja, na habari kwamba atakayechelewa atakosa.

Hilo la mwisho ndilo linalonifanya nisikubali kuwatupia wateja lawama zote. Mfanyabiashara anayetangaza bei ya chini mno kwa bidhaa chache, kwa saa chache, akaita umati mbele ya mlango mmoja, ameutengeneza mchecheto huo kwa mikono yake, na hana haki ya kushangaa ukimzidi nguvu. Hata jina la Black Friday, Ijumaa ya ofa kubwa inayofuata sikukuu ya Shukrani ya Marekani, ambalo wenye maduka wanalitamka leo kwa bashasha, lilitumiwa na polisi wa Philadelphia katika miaka ya 1950 na 1960 kulalamikia magari na umati uliowaelemea siku hiyo. Wafanyabiashara wa mji huo hawakulipenda.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kulikagua duka kabla ya kukagua bei. Baada ya kifo cha Valley Stream, idara ya Marekani inayosimamia usalama kazini, OSHA, ilitoa mwongozo kwa wenye maduka, na mwongozo huo unamfaa mteja kama kipimo cha macho. Vizuizi vya foleni vinatakiwa vianzie mbali kidogo na mlango, visielekezwe moja kwa moja mlangoni, na mstari uwe na kona na mapengo ili nguvu ya wa nyuma isifike mbele. Wafanyakazi wawepo nje mapema na wawaeleze watu utaratibu. Bidhaa zinazogombewa zigawiwe kwa namba au tiketi, ili aliyepata namba asiwe na sababu ya kukimbia na asiyepata arudi nyumbani. Ndani ya duka, bidhaa za ofa zitawanywe sehemu mbalimbali badala ya kurundikwa mahali pamoja, na milango ya dharura isizibwe. Ukifika ukamkuta mlinzi mmoja na mlango mmoja, huku watu wamejazana bila mstari na bila namba, basi umekwisha kuambiwa kila unachohitaji kujua. Geuka.

Najua kugeuka si rahisi. Mtu aliyeamka usiku na kusimama saa tatu anaona kwamba akiondoka amepoteza saa zile, kana kwamba akibaki zitarudi. Mimi niliona dalili zote. Niliona foleni ikivunjika, na upande wangu wa kulia palikuwa na mwanya ambao ningeweza kupenya nikatoka, nikajiambia kwamba bado dakika chache tu. Mwanya ule ulidumu kwa muda wa kuhesabu hadi 20. Siku hizi nafanya uamuzi nikiwa nyumbani, kabla sijaona bidhaa wala watu: mstari ukivunjika, naondoka; nikianza kuguswa na watu mabega yote mawili kwa wakati mmoja, naondoka; nikishindwa kuinua mkono hadi usoni bila kumpiga mtu, najua nimekwisha kuchelewa. Si vizuri kuacha uamuzi wa aina hiyo kwa kichwa kilichokwisha kusikia neno “ofa.”

Watoto wasiende kabisa. Hapa sina ufafanuzi mrefu: kimo cha mtoto kinalingana na viuno na mikoba ya watu wazima, hewa anayoipata ni kidogo, na mkono wa mzazi, hata ukiwa na nguvu kiasi gani, hautoshi kumshikilia mtoto anayevutwa na uzito wa watu mia. Kigari cha mtoto ni kibaya zaidi, maana aliye nyuma hakioni mpaka amekwisha kukiangukia.

Ukinaswa licha ya yote, mambo unayoweza kufanya ni machache, lakini yanasaidia. Mama yule wa kitenge aliniambia, kwa sauti ya kukatika, “Kunja mikono kifuani, mwanangu, kama bondia.” Sijui alijifunzia wapi, na sikupata nafasi ya kumuuliza, lakini ndivyo wataalamu wanavyosema: mikono ikikunjwa mbele ya kifua huacha nafasi ndogo ya mbavu kupanuka. Usipoteze pumzi kwa kupiga mayowe. Usishindane na wimbi linapokusukuma. Likubali, simama imara, na linapotulia, maana hutulia kwa sekunde chache, sogea kwa mshazari kuelekea ukingoni. Kaa mbali na kuta, nguzo na vizuizi vya chuma, kwani hapo hakuna kinachopisha. Kitu kikikuanguka, iwe simu, pochi au funguo, kihesabu kuwa kimekwenda. Anayeinama huenda asiinuke tena, na aliye nyuma yake hujikwaa juu yake. Mtu akianguka karibu nawe, mwinue mara moja mkiwa wawili au watatu. Ukianguka wewe na ukashindwa kuinuka, lala kwa ubavu, jikunje, na ukinge kichwa kwa mikono.

Mlango ulipofunguliwa hatimaye, tuliingia kama maji yanavyoingia kwenye mtumbwi. Ndani kulikuwa na nafasi, na ungetarajia watu watulie, lakini mwili uliokwisha kuogopa hautulii kwa sababu ya nafasi. Watu walichukua vitu bila kuvitazama. Niliona wawili wakivutana kwa ajili ya toroli tupu. Mimi mwenyewe nilijikuta nimesimama kwenye njia ya kati, nimekumbatia boksi la bilauri za kioo ambazo sikuzihitaji, na hadi leo siwezi kueleza nilizitoa rafu gani. Nilizirudisha. Pasi zilikuwa zimekwisha, au pengine hazikuwahi kuwa nyingi. Niliinunua yangu wiki tatu baadaye, siku ya kazi ya kawaida, muuzaji akiwa na muda wa kuichomeka kwenye umeme ili nione inavyopata moto, na bei ilizidi ile ya ofa kwa kiasi kidogo mno kuliko nilivyokuwa nimejiaminisha.

Nikumbushe pia jambo moja dogo ambalo watu hulidharau, nalo ni viatu. Vaa vya kufunga kwa kamba, vyenye soli isiyoteleza, na uzifunge kamba hizo mara mbili. Ndala na viatu vya kuchomeka huwa vya kwanza kutoka, na mtu aliye peku kwenye umati hupoteza usawa upesi. Siku ile, baada ya kuketi kwenye ngazi za nje hadi pumzi iliporudi, nilikwenda kumuuliza mlinzi kama ameona kiatu cheusi cha kushoto. Hakujibu. Alinionyesha kwa kidole boksi kubwa la friji lililokuwa nyuma yake, nami nikainama kutafuta. Viatu vilikuwa vimejaa karibu nusu ya boksi, vya kike na vya kiume, na ndani yake mlikuwa na kandambili moja ya mtoto, ya rangi ya waridi, ndogo kuliko kiganja changu. Nilikipata changu, nikakivaa, kisha nikabaki nikiwatazama watu waliokuwa wakitoka dukani na mifuko yao, nikiangalia miguu.