Nilitoa 100 nikaweka 99, feni ikanyamaza

Juzi usiku kuna msomaji kaniandikia, "kaka, laptopu yangu nikifungua video tu feni inalia kama mashine ya kusaga, ninunue nyingine?" Nikacheka peke yangu, maana huyo ni mimi kabisa wa miaka mitatu nyuma, ila mi nilikuwa mbaya zaidi, spidi ya laptopu nilikuwa naipandisha makusudi na kujisifu juu.

Acha niseme ukweli. Nilipata kazi ya kusoma maandishi kwa sauti, nikarekodi usiku kucha, nikatuma, mteja akanijibu mstari mmoja: "huko kwako kuna upepo?" Hakukuwa na upepo, ilikuwa feni. Kazi akapewa mwingine. Mpaka leo lile swali linaniuma, sauti yangu ilikuwa safi jamani.

Siku hiyohiyo nikaangalia joto nikakuta nyuzi 96, na hapo narekodi tu na tabo kibao za brauza. Prosesa yangu, yani ubongo wa laptopu, ni i7-9750H ya Intel, spidi yake ya msingi ni 2.6 GHz ila ikipata mwanya inaruka hadi 4.5, na huo mruko ndo unaoleta moto, kwa sababu spidi ikipanda inadai na volti zaidi, na umeme unaoliwa unapanda kwa kipeo cha pili cha volti. Yani ukishusha volti kwa asilimia 10 tu, spidi ileile, umeme wa kuchapa kazi unashuka kama asilimia 19. Ukiielewa hesabu hiyo hutababaishwa tena na namba za kwenye boksi.

Nilichofanya hata aibu kusema. Windows, Power Options, mipangilio ya ndani, "Maximum processor state", nikatoa 100 nikaweka 99. Basi. Kwenye prosesa nyingi za Intel hiyo asilimia moja inazima turbo, yani ule mruko wa spidi. Nyuzi 96 zikawa 71, na chumba kikatulia mpaka nikaanza kusikia saa ya ukutani, kumbe nayo inagonga hivyo! (Wa Linux mna cpupower, amri ya kupangia spidi ya prosesa, nyie hamhitaji kufundishwa.)

Rafiki yangu fundi alinicheka, eti nina gari la mbio naliendesha gia ya pili. Sawa. Nilipima mwenyewe, video niliyohariri, kuitoa kama faili kulikuwa kunachukua dakika 9, kukawa 12. Dakika tatu ndo za kunichekea?

Baadaye nikashusha na volti yenyewe, nikala raha miezi miwili, nikasasisha BIOS, ile programu ya ndani inayoiwasha kompyuta, kipengele cha kushusha volti kikafungwa. Chanzo ni udhaifu wa usalama wa kuchezea volti, unaoitwa Plundervolt, ulitangazwa Desemba 2019, watengenezaji wengi wakafunga mlango. Naelewa, ila wangeniambia kabla. Kwahiyo soma maelezo ya toleo jipya kabla hujabonyeza kusasisha, na kabla ya yote hayo toa vumbi kwenye feni, maana kuna watu wanahangaika na mipangilio wakati ndani kumejaa manyoya.

Na tuache ushamba wa kushindana spidi. Unaandika, unasoma barua pepe, unataka 4.5 ya nini? Wacheza gemu siwasemi, wana dunia yao.

Yule msomaji nilimwambia aweke 99. Asubuhi kanirudia, "kaka, feni imekufa?" Nikamwambia aweke sikio karibu.