Ubunifu ni damu au malezi? Nimeyaona yote mawili

Juzi msomaji mmoja wa Nzega aliniandikia: "Kaka Doto, kwetu hakuna fundi hata mmoja. Mimi ubunifu wa kazini nitautoa wapi?" Ujumbe ule ulininyima usingizi.

Mimi na Kulwa, pacha wangu, tunafanana mpaka mkunjo wa sikio. Mama alipofariki tukiwa wadogo, Kulwa alichukuliwa na babu kule Sikonge, mimi nikabaki Tabora mjini kwa baba mdogo. Babu alikuwa mrina asali. Alimpa Kulwa shoka dogo na gogo lake mwenyewe la kuchonga mzinga, akiliharibu, babu anasema, "Lete lingine." Mimi niliifungua redio ya baba mdogo nione sauti inatoka wapi. Nilichapwa, na toka siku ile mikono yangu ikawa ya kusubiri kuambiwa.

Nikaishia kwenye karakana ya samani, miaka 9 nikifuata vipimo vya bosi. Siku moja akaja mteja anataka kitanda cha mninga, na mlango wa chumba chake ni mwembamba. Nikachonga kitanda cha kufungua na kufunga, bila msumari: ubao unaingia kwenye tundu la mwenzake, unakazwa kwa kabari. Bosi akauliza, "Nani kakutuma?" Akanikata mshahara. Neno lile linanichoma mpaka leo. Mwezi uliopita mteja yuleyule kaja kwenye banda langu, kaagiza vitanda 6 vya namna ileile.

Damu ipo, siikatai. Mwaka 1979 Thomas Bouchard wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alianza kuchunguza mapacha waliolelewa mbalimbali, na wale wa kufanana walikutwa wanakaribiana sana tabia. Hata sisi, kila mmoja hupapasa ubao kwa kidole gumba kabla ya kukata, na hatukufundishwa. Ila hakuna jeni moja ya ubunifu. Ni nyingi, kila moja inachangia kidogo. Na damu hiyohiyo iliyochangamka kwa Kulwa, kwangu ililala miaka.

Kwa hiyo, ndugu yangu, acha kuhesabu mafundi wa ukoo wenu. Jaribu kwenye mabaki ya mbao. Ukikosea, jaribu tena. Nawe bosi, kijana akikuletea kitu ambacho hukumtuma, kitazame kwanza.

Jana mwanangu kang'oa mguu wa kigoda changu. Nimempa gundi na msasa, nikakaa pembeni.