Kwa daktari kijana anayetaka kufundisha anatomia

Kila mwaka hunijia daktari mmoja au wawili waliomaliza utarajali, wakiuliza kama waombe nafasi ya ukufunzi msaidizi katika idara ya anatomia. Nawaambia waje. Wenzako mliohitimu pamoja watakuwa na kliniki za jioni na kipato kizuri, wewe utarudi nyumbani nguo zikinuka formalini, dawa ya kuhifadhia maiti. Hilo nalitaja mara moja tu, maana watu wamelizoea.

Kinachowakwamisha wengi ni kudhani kwamba kufundisha ni kazi moja na utafiti ni nyingine. Wanafundisha miaka kumi wakisubiri fedha za mradi, na cheo hakipandi. Mimi pia nilianza hivyo.

Mwaka wangu wa pili kazini tulikuwa tunapasua kigasha cha maiti. Binti mmoja wa mwaka wa kwanza akaniita: "Mwalimu, hii kano ya katikati siioni." Alikuwa akitafuta kano ya palmarisi longasi, msuli mwembamba unaoshuka hadi katikati ya kifundo cha mkono. Nikamjibu bila hata kuinama: "Umeikata." Akanyamaza. Jioni, wote wameshaondoka, nafsi ilinisuta. Nikarudi, nikaufungua mkono ule taratibu mpaka kwenye kiwiko. Hapakuwa na msuli wala alama ya kisu. Kesho yake nilimwomba radhi mbele ya wenzake, nikamwambia achore alichokiona. Mchoro ule ndio ukurasa wa kwanza wa daftari langu la utafiti.

Jipime sasa hivi: gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, kisha kunja kiganja kidogo kuja kwako. Ukiona kamba imetuna katikati ya kifundo, unayo. Vitabu tulivyosomea vilituambia kwamba takriban watu 15 kwa mia hawana. Mwaka 2011 ukachapishwa utafiti wa watu 800 wa Afrika Mashariki, waliopimwa kwa kuangaliwa mikono tu, na wasiokuwa nayo walikuwa 4.4 kwa mia. Kano hiyo ndiyo madaktari wa upasuaji huitoa mara nyingi kwenda kuunga iliyokatika kwingine, kwa hiyo hesabu ya watu wa hapa ina kazi wodini. Na hapo hapakuhitajika mashine ya mamilioni. Meza unayofundishia ina maswali ya namna hiyo kila wiki: ateri iliyogawanyika mapema, neva iliyopita pasipotarajiwa. Yaandike.

Darasani, chora. Neva za mkono hutoka shingoni kwa mizizi mitano, C5 hadi T1, yaani kuanzia neva ya tano ya shingo hadi ya kwanza ya kifua, zikaungana na kuachana tena hadi kwapani. Nikizionyesha kwa projekta, wanafunzi wanapiga picha na simu na habari inaishia hapo. Nikichora kwa chaki, mzizi baada ya mzizi, wanachora pamoja nami, na kwenye mtihani wa mdomo naona vidole vyao vikizifuata hewani kabla hawajajibu.

Fungua madirisha, vaa glavu. Tangu 2004 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka formaldehaidi, ambayo ikiyeyushwa kwenye maji ndiyo formalini yetu, kwenye orodha ya visababishi vya saratani. Usimwonee haya mkuu wa idara kudai feni.

Na yule aliyelala mezani. Wengi tuliowapata ni watu ambao ndugu hawakujitokeza kuwachukua hospitalini. Siku ya kwanza nasimama na wanafunzi kimya kwa dakika moja kabla ya kufunua shuka. Hakuna kupiga picha, hakuna kumpachika jina la utani. Niliwahi kumtoa nje kijana aliyecheka, na hadi leo naona nilifanya sawa.

Ukishaajiriwa, nunua daftari la jalada gumu kabla ya kipindi chako cha kwanza. Andika tarehe, upande wa kulia au kushoto, jinsia, kisha mchoro wenye vipimo vya milimita. Tumia penseli, maana daftari litalowa, na wino ukilowa unachuruzika.