Ukipenda mieleka, kanunue fulana mezani

Anayesema mieleka ya Marekani imepoa hakosei. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kila Jumatatu usiku watu walikuwa na Raw, kipindi cha kampuni ya WWF, huku na Nitro ya wapinzani wao WCW kule, na rimoti haikutulia mkononi. Machi 2001 WWF ikainunua WCW, na Aprili ECW, kampuni ya tatu na ndogo zaidi, ikaenda mahakamani kutangaza kufilisika. Mashabiki wengi wa WCW na ECW walizima televisheni, hawakurudi.

Mimi naishi Philadelphia, na ushauri wangu kwa anayeililia enzi ile ni huu: toka nyumbani, nenda kwenye maonyesho ya kumbi ndogo. ECW yenyewe ilikulia kwenye ukumbi wa bingo Philadelphia Kusini, karibu na barabara kuu ya I-95. Mwaka 2002 kampuni nyingine ya mieleka, Ring of Honor, ikazaliwa mji huuhuu, ikawa inaishi kwa kiingilio na kuuza DVD. Wanamieleka kama CM Punk, Samoa Joe na Bryan Danielson walipita hapo kabla ulimwengu haujawajua.

Kwenye ukumbi mdogo unasikia mbao za ulingo zikilia chini ya mgongo wa mtu. Wakati wa mapumziko, kijana aliyechapwa makofi ya kifua dakika chache tu zilizopita amekaa mezani anauza fulana, kifua chekundu, alama za vidole unaweza kuzihesabu. Nunua hapo. Kiingilio ni cha promota, yaani mwandaaji wa onyesho. Wanamieleka wengi nauli ya kurudi kwao inatoka kwenye fulana. Nenda na pesa taslimu. Na usimweleze jirani yako kwamba ni maigizo. Alijua kabla yako, na amelipa vilevile.

Kabla ya kukata tiketi, lisome bango. Ukiona picha kubwa ni ya mstaafu wa televisheni na vijana wamebanwa chini kwa herufi za mchwa, fikiri mara mbili. Fungu kubwa la bajeti limekwenda kwake, na mwezi ujao hayupo, wala waliomfuata yeye hawapo.

Ogopa pia promota mwenye haraka ya kukua. ECW ilipata televisheni ya nchi nzima Agosti 1999, na haikumaliza miaka miwili. Kwa hiyo promota akianza kutamba kuhusu televisheni, mimi tiketi za msimu mzima sinunui. Nalipia onyesho la usiku huo, mlangoni.